Mizani ya Mama na Mshale wa Redio

Msomaji mpenzi, ikiwa umepata kusafiri katika nchi ya chai, baina ya Kericho na Bomet, bila shaka umeyaona mashamba yaliyokatwa sawasawa mfano wa zulia la kijani, na kando yake mikaratusi mirefu ambayo kuni zake hukausha chai viwandani. Lakini huenda hukuuona waya mmoja mwembamba, urefu wake mita 20, uliofungwa baina ya mikaratusi miwili nyuma ya shule ninayofundisha. Waya ule ndio antena ya redio yetu. Nataka kukusimulia habari za redio hiyo, na za skrubu moja ndogo kama punje ya mtama, na za kosa nililolifanya kwa mkono wangu mwenyewe kisha nikalitangaza kuwa ni ushindi.

Redio ninayoisema si ile ya kusikilizia taarifa ya habari. Hii husikia, na husema pia. Aliye nayo huweza kuzungumza na mwenzake wa mbali bila ya nguzo za simu, kwa mawimbi yapandayo juu yakarudishwa chini na tabaka la hewa ya juu sana ambalo jua limelitia umeme. Wanaozitumia redio hizi kwa kupenda elimu tu, bila ya kutaka faida, huitwa watu wa redio ya ridhaa. Hawaruhusiwi kusema ovyo. Kila mmoja hupewa leseni, na hapa kwetu mwenye kuitoa ni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Tena hupewa jina la hewani la herufi na tarakimu, ambalo kwa Kenya huanza na 5Z4. Zamani za ukoloni majina hayo yalianza na VQ4. Majirani zetu wa Tanzania huanza na 5H, na wa Uganda huanza na 5X. Basi usikiapo mwanzo wa jina, wajua asemaye yuko nchi gani, hata kama hujamwona uso.

Nguvu za redio ya kupeleka sauti hupimwa kwa wati. Jina hili latokana na James Watt, fundi wa Uskoti aliyezaliwa mwaka 1736, ambaye alitengeneza upya mtambo wa mvuke ukawa bora kuliko wa kwanza. Wateja wake walikuwa watu wa migodi na viwanda. Walijua kazi ya farasi, lakini hawakujua kazi ya mvuke. Basi Watt aliwaeleza nguvu za mitambo yake kwa hesabu ya farasi, na hata leo nguvu za farasi mmoja huhesabiwa kuwa wati 746. Tazama hekima ya jambo hili: alikichukua kitu kisichojulikana akakipima kwa kitu kinachojulikana. Uishike hekima hiyo, kwa maana nitairudia.

Redio yetu tuliipata ikiwa imekwisha tumika miaka mingi. Kitabu chake kilisema kwamba hutoa wati 100. Usoni pake pana kidirisha chenye mshale, na mtu asemapo mshale hupanda kuonyesha nguvu zitokazo. Siku ya kwanza nilipoijaribu, mshale ulipanda ukasimama kwenye 60. Nilifadhaika. Nilikuwa nimewaahidi wanafunzi wa chama chetu cha redio wati 100, na mwalimu hapendi kuonekana mwenye ahadi pungufu. Jioni ile, nikiwa peke yangu, nilichukua bisibisi nikafungua kifuniko. Ndani nilikuta skrubu ndogo ndogo kadhaa. Niliizungusha mojawapo polepole huku nikiutazama mshale. Ulipanda hata 70, hata 85, hata 100. Nikafunga kifuniko nikaenda kulala na moyo mweupe, nikiamini kwamba nimeiponya redio.

Kesho yake niliandika katika daftari la stesheni, kwa wino na kwa herufi nzuri: nguvu, wati 100. Nikamwita hewani rafiki yangu wa Arusha, umbali wa zaidi ya kilomita 300, nikamwambia habari njema. Akajibu, "Nakupata vizuri sana, ndugu yangu." Nilijiona nasikika kwa ukali kuliko jana. Wanafunzi nao walishangilia. Muda wa miezi minne tuliandika 100 katika kila ukurasa, na hapana hata mmoja aliyeuliza neno.

Aliyeuliza alikuwa msichana wa kidato cha tatu, mpole, ambaye hukaa kiti cha nyuma. Siku moja baada ya mazungumzo na Arusha alisimama akasema, "Mwalimu, naomba kuuliza." Nikamruhusu. Akasema kwamba alikuwa amekiangalia kipimo cha umeme uingiao katika redio kutoka kwenye betri ya jua, akaona volti 11 na ampea 12. Alikuwa amezizidisha katika kiganja cha mkono wake kwa kalamu, akapata wati 132. "Lakini kitabu cha redio chasema kwamba ili zitoke wati 100, hupaswa kuingia ampea 20. Nasi tumetufundishwa kwamba karibu nusu ya umeme huo hupotea kwa joto. Je, hizi 100 zetu zatoka wapi?"

Msomaji wangu, swali lile lilikuwa sahihi kabisa, na hesabu yake haikuwa na kasoro. Nami, badala ya kulishukuru, nilijibu kwa mkato kwamba vipimo vya zamani si vya kutegemewa, nikagonga meza nikawaaga. Njiani kwenda nyumbani maneno yangu mwenyewe yalinigeukia. Kama vipimo vya zamani si vya kutegemewa, mbona nimeutegemea mshale? Niliamini kipimo kilichonisifu, nikakitilia shaka kilichonisuta.

Usiku ule sikupata usingizi upesi. Mvua ya mawe, ambayo kwetu si ngeni, ilipiga mabati kwa kishindo, na katika kishindo kile nikamkumbuka mama yangu.

Mwaka 2001 nilikuwa mtoto wa miaka tisa. Wazazi wangu walikuwa na shamba dogo la chai, na mama alikuwa akichuma alfajiri, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, hata kikapu cha mgongoni kikajaa. Alasiri tulipeleka majani kwenye kituo cha kununulia, ambapo karani alitundika gunia kwenye ndoana ya mizani, akautazama mshale, akaandika kilo. Sisi tulipokea kikaratasi tukarudi nyumbani. Mama hakusoma sana, lakini mikono yake ilijua uzito. Kwa wiki kadhaa alikuwa akinung'unika kwamba mzigo aliouhisi mgongoni na hesabu iliyoandikwa havilingani.

Siku moja aliniambia nichukue pakiti mbili za unga wa mahindi, kila moja ya kilo 2. Moja alikuwa ameinunua katika duka la kijijini kwetu, na ya pili katika duka la sokoni. Nilimwuliza kwa nini hakununua zote mahali pamoja. Akasema, "Duka moja laweza kukosea. Maduka mawili yasiyojuana hayawezi kukosea sawasawa." Tulipofika kituoni na zamu yetu ilipowadia, hakutoa majani. Alitoa pakiti ya kwanza akamwomba karani aipime.

Karani akakunja uso. "Mama, wewe waja kunifundisha kazi?"

"La, mwanangu, sikufundishi kazi. Naiuliza mizani."

Watu wakacheka, naye karani, kwa kuona haya, akaitundika pakiti. Mshale ukaonyesha kilo 1 na nusu. Akatundika ya pili, mshale ukaonyesha vile vile. Kisha akatazama mizani ikiwa tupu, akaona kwamba mshale haukusimama penye sufuri, ulikuwa chini yake kwa nusu kilo. Hakusema neno. Aliizungusha skrubu ya juu ya mizani hata mshale ukarudi mahali pake. Sikumjua karani yule kuwa mwizi, wala mama hakumwita hivyo. Lakini foleni ile ilikuwa na watu kama arobaini, na nusu kilo kwa watu arobaini ni kilo 20 kwa siku moja. Hiyo ndiyo karo, ndiyo daftari, ndiyo viatu vya watoto. Kosa dogo la kipimo ni dogo machoni pa mwenye mizani, na ni kubwa mgongoni pa mwenye mzigo.

Basi kulipokucha nilijua la kufanya. Redio yetu ilihitaji unga wake, yaani kitu kinachojulikana cha kuiuliza mshale wake swali. Nikamwita yule msichana na wenzake, nikamtaka radhi mbele yao kwa jibu langu la jana, tukaanza kazi.

Kwanza tulitengeneza mzigo wa bandia. Redio haifai kusema bila ya antena, kwa sababu nguvu zisizo na mahali pa kwenda huweza kurudi zikaharibu transista zake. Na tukijaribu kwa antena ya kweli, tutapiga kelele hewani na kuwasumbua watu. Mzigo wa bandia huzipokea nguvu zote zikageuka joto, wala hazitoki nje. Redio nyingi hutengenezwa ili zipeleke nguvu zao katika ukinzani wa omu 50. Tulichukua vikinzani 20 vya kaboni, kila kimoja omu 1,000, tukaviunganisha sambamba kwa lehemu. Omu 1,000 zikigawanywa kwa 20 ni 50 kamili. Hatukutumia vile vya waya uliosokotwa, kwa kuwa waya uliosokotwa huyageuzia mawimbi ya redio ukinzani mwingine. Kisha tukavizamisha katika mkebe wenye mafuta ya kupikia, ili mafuta yalipokee joto lake, na ndani tukatia kipimajoto cha maabara.

Pili, tulitafuta nguvu tunazozijua. Tuliazima betri 4, tukaziunganisha mkia kwa kichwa. Kila moja ilikuwa na volti 12 na nusu, hivyo zote pamoja zilitoa volti 50. Volti 50 si mchezo, kwa hiyo niliunganisha mimi mwenyewe na wanafunzi wakasimama mbali. Kwa kanuni ya Ohm, volti 50 katika omu 50 hupitisha ampea 1, na volti 50 mara ampea 1 ni wati 50. Tulizipima kwa vipimo viwili vya umeme, kimoja cha shule na kimoja cha kuazima, kwa kukumbuka yale maduka mawili ya mama. Vikapatana.

Tukapitisha umeme ule nusu dakika, tukapumzika nusu dakika, hata zikatimia nusu dakika nne. Mafuta yalikuwa na digrii 22. Tulipoyakoroga na kutazama, yalikuwa 27. Basi tulijua: wati 50 huongeza digrii 5.

Tukasubiri mafuta yapoe hata 22 tena. Tukaondoa betri, tukaunganisha redio. Nikabonyeza kitufe, mshale ukapanda kwa fahari hata 100. Nusu dakika, pumziko, nusu dakika, pumziko, mara nne, sawa na mwanzo. Kama mshale ungekuwa mkweli, mafuta yangefika digrii 32. Wote tuliinama juu ya mkebe. Kipimajoto kilisema 28.

Digrii 6 tu. Tulirudia mara ya pili na ya tatu, ikawa vivyo hivyo. Kipimajoto chetu hakikuweza kutenganisha chini ya nusu digrii, na nusu digrii ni wati 5. Kwa hiyo hatukuweza kusema zaidi ya hili: redio ilitoa wati 60, pungufu au ziada ya 5. Lakini 100 haikuwa kabisa.

James Joule, Mwingereza mwana wa mtengeneza pombe, alionyesha katika miaka ya 1840 kwamba kazi na umeme hugeuka joto kwa kiasi kisichobadilika. Joto halina haya wala upendeleo. Halijui ulichowaahidi wanafunzi wako.

Hapo niliwaambia yote. Niliwaambia kwamba mshale ulikuwa ukisema kweli siku ya kwanza, na kwamba skrubu niliyoizungusha haikuwa ya nguvu, ilikuwa ya mshale. Sikuongeza hata chembe ya nguvu, niliongeza maneno tu. Kimya kikawa kirefu. Kisha yule msichana akauliza kwa heshima, "Mwalimu, sasa tuongeze nguvu, au tupunguze neno?"

Ndani ya redio ilikuwapo pia skrubu ya nguvu zenyewe. Ningaliweza kuizungusha ili ile 100 iliyoandikwa igeuke kweli. Lakini redio inayolazimishwa kupita uwezo wake huharibu sauti, humwagika katika njia za jirani, na huunguza transista zake. Nikajibu, "Tupunguze neno." Tukairudisha skrubu ya mshale hata ukakubaliana na mafuta. Kisha tukafungua daftari, na katika kila ukurasa wa miezi minne tukaandika kwa wino mwekundu: soma 60. Hatukuifuta 100. Kosa likifutwa hupoteza somo lake.

Na sasa lilitokea jambo ambalo sikulitazamia. Mshale ulipokuwa mkweli, tuliweza kuuliza kwa nini nguvu ni 60. Jibu lilikuwa katika zile volti 11 za msichana. Betri ilikuwa na 12 na nusu, basi volti moja na nusu zilipotea njiani, katika nyaya nyembamba na ndefu kutoka kwenye betri. Tuliweka nyaya nene na fupi. Tulipopima tena, mafuta yalipanda digrii 8, na mshale, bila ya kusukumwa na mtu, ukasimama kwenye 80. Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Muda wote nilipouficha upungufu, nilimfungia mganga mlango.

Jioni nilimwita rafiki yangu wa Arusha nikamwungamia. Akacheka. "Ndugu yangu, siku ile uliponiambia 100 nilikusikia kama juzi yake. Sikutaka kukuvunja moyo." Naye alisema haki. Katika redio, ili usikike hatua moja zaidi kwenye kipimo cha msikilizaji, hupaswa kuzidisha nguvu mara nne. Kutoka 60 hata 100 hakufikii hata nusu ya hatua. Nilidanganya kwa ajili ya faida ambayo, hata kama ingekuwa kweli, sikio lisingeitambua sana.

Wala si sisi wadogo tu tunaohitaji shahidi. Desemba 1901 Marconi alisema kwamba amesikia huko Newfoundland ishara zilizovuka bahari ya Atlantiki kutoka Uingereza. Wengi walimtilia shaka, maana waliosikia walikuwa yeye na msaidizi wake tu. Hakutegemea ukali wa maneno. Februari 1902 alisafiri katika meli Philadelphia na chombo kilichoandika alama juu ya utepe wa karatasi, na nahodha akaweka sahihi yake kushuhudia. Hata kilo yenyewe iliulizwa. Tangu mwaka 1889 ilitegemea silinda moja ya madini iliyohifadhiwa karibu na Paris, na tarehe 20 Mei 2019 wanasayansi waliacha kuitegemea, wakaifunga kilo kwenye kiasi cha maumbile kisichochakaa.

Likizo ilipofika nilimsimulia mama haya yote, nikimtengea chai. Alisikiliza hata mwisho, kisha akauliza, "Na huo umeme wa betri, mlijuaje kwamba kipimo chake hakisemi uongo?"

Nikamjibu, "Tulitumia viwili, mama. Kimoja cha shule, kimoja cha kuazima."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akanywa chai yake.

Msomaji wangu, nawe unayo mishale yako: alama za mtihani, sifa za rafiki, hesabu za mfukoni. Mshale ukikusifu, usiusukume mbele. Tafuta pakiti mbili za unga, uziweke juu ya mizani, na ukubali itakachosema.